Masufuria Yaliyofungiwa Krismasi

Sasa kwa kuwa hakuna tena mtu wa kuumizwa na jambo hili, nitaliandika kama lilivyotokea, ingawa hata leo sina hakika kama ninalielewa.

Mtaa wetu uko Makambako, ng'ambo ya reli, mahali ambapo watumishi wa serikali na wafanyabiashara wa mbao walianza kujenga walipochoka kupanga. Nyumba ni nzuri. Zina vigae, zina mageti yenye picha za simba, na sebuleni kuna makochi ambayo wageni huogopa kuyakalia. Lakini ungezunguka nyumba zote hizo ukitafuta sufuria moja ya kupikia watu hamsini, usingeipata. Masufuria ya namna hiyo yalikuwa mahali pamoja tu: katika stoo ya Scholastica, mjane wa dereva wa lori, ambaye sote tulimwita Mama Shedrack kwa jina la mwanawe wa kwanza. Nyumba yake ya matofali ya kuchoma ilikuwa pale kabla ya mageti yetu.

Yalikuwa mali ya umoja wa akina mama wa mtaa, pamoja na miiko mirefu kama mipini ya majembe, turubai la bluu na viti vya plastiki. Harusi, kipaimara, komunyo ya kwanza, msiba, vyote vilipikiwa humo, vya Walutheri na vya Wakatoliki bila ubaguzi, na nimewahi kusema hadharani kwamba masufuria yale yalituunganisha kuliko hotuba zote tulizowahi kuhutubiwa. Ufunguo alikaa nao Mama Shedrack. Hakuupata kwa kura. Aliupata kwa sababu ya jambo lililomkuta.

Mumewe alipofariki, waombolezaji walikuja kutoka Kifanya, wamesimama ndani ya lori lililo wazi, mvua ikiwanyeshea. Siku hiyo vyombo vyote vya kuazima vilikuwa harusini, upande wa pili wa mji. Wazee wale walikaa uani kwake tangu asubuhi hadi jua likazama bila kutia kitu mdomoni, na wengine walirudi kwao hivyo hivyo. Aliwahi kuniambia kwamba kifo chenyewe alikizoea baada ya miaka michache, lakini aibu ya siku ile hakuizoea. Umoja ulipoanzishwa, yeye ndiye aliyeshikilia kanuni moja mpaka tukaikubali: sherehe inaweza kusogezwa, msiba hausogezwi. Palipo na msiba, masufuria yatakwenda msibani hata kama wali wa harusi umeshaanza kutokota.

Kanuni hiyo ilieleweka na kila mtu. Ndiyo maana yaliyotokea Krismasi ile hayakueleweka na yeyote.

Kila mwaka, siku inayofuata Krismasi, mtaa huandaa karamu ya watoto. Ni wakati ambao watu wamerudi nyumbani kutoka Dar es Salaam na Mbeya, magari yamejaa tope hadi vioo, na watoto wa mjini wanatetemeka kwa kuwa wazazi wao walisahau kwamba kwetu Desemba ina baridi. Siku hiyo watoto wote hukaa chini ya turubai moja, wa nyumba za vigae na wa vyumba vya kupanga. Kwa baadhi yao, nalisema hili bila kumung'unya maneno, huo ndio wali wenye nyama wanaoshiba mwaka mzima.

Asubuhi ya mkesha wa Krismasi, Brightness, mwenyekiti wa umoja, alikwenda na vijana na mkokoteni kuchukua vyombo. Mama Shedrack aliwatolea viti, akawatolea na turubai. Masufuria alisema hayatoki. Brightness, ambaye ni mwanamke wa haki ingawa ulimi wake haupumziki, alimuuliza kama kuna msiba. Akajibiwa kwamba hakuna msiba. Akauliza kama yametoboka. Hayajatoboka. Basi kwa nini? Mama Shedrack akasema tu kwamba mwaka huu hayatoki, akafunga stoo.

Nilitumwa mimi, kwa kuwa nafundisha sekondari na inadhaniwa kwamba mwalimu anaweza kumsemesha mtu yeyote. Nilimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni za miwati, miti ile ya kwetu yenye moto mkali. Rundo lilikuwa limefika kiunoni.

"Kamwene, Mama Shedrack."

"Kamwene, mwalimu. Kama umekuja kwa ajili ya masufuria, kaa tunywe chai tu."

Sikukaa. Nilimwambia kwamba vyombo si vyake, kwamba watoto hawana kosa, na kwamba mtu aliyeaminiwa na wenzake anapaswa angalau kutoa sababu. Alisikiliza mpaka mwisho, shoka likiwa begani.

"Kila nyumba ina sufuria ya kupikia watu wake," alisema. "Pikeni kwa vidogo vidogo. Watoto watakula."

"Na kuni hizi zote ni za nini, kama hakuna kinachopikwa?"

Alinitazama kama mtu anayepima uzito wa gunia kabla ya kulinyanyua, kisha akaweka gogo jingine. "Usiniulize, mwalimu."

Niliondoka nimekasirika, na hasira ile ilinisumbua zaidi kwa sababu haikuwa na pa kutua. Mchoyo hapasui kuni.

Karamu ilifanyika kama inavyofanyika karamu ya vyombo vya kuungaunga. Wali wa nyumba moja uliungua, wa nyingine ulikuwa mbichi, nyama ilifika watoto wakiwa wameshaanza kulia, na mvua ikaongeza lake. Wageni kutoka Dar es Salaam walipiga picha. Akina mama hawakumficha Mama Shedrack walichokifikiria. Mmoja alisema amekaa na masufuria mpaka yamemwoa; mwingine akajibu kwamba basi aulizwe mahari alilipwa nani. Naye alikuwa pale pale, anagawa maji. Hakuinua uso.

Aliyekaa na watoto meza ya mbele ni Mama Tabea, mke wa Mzee Efraimu, jirani wa Mama Shedrack ukuta kwa ukuta. Mumewe alikuwa amelazwa Njombe tangu wiki iliyopita. Yeye miguu haimruhusu safari, kwa hiyo binti yao Rebeka ndiye aliyekuwa hospitalini, akipiga simu kila jioni. Mama Tabea alimweleza kila mtu kwamba mzee anaendelea vizuri, kwamba jana amekunywa uji. Niliona Mama Shedrack akikiruka kikombe cha Mama Tabea mara mbili alipogawa maji. Nikadhani wamegombana. Nililiweka hilo pamoja na kuni, katika fungu la mambo nisiyoyaelewa.

Kabla ya mwaka mpya Mzee Efraimu alirudi nyumbani, amekonda, amevaa koti la baridi juu ya koti jingine, anataniana na kila aliyemkaribia. Mtaa ulifurahi. Siku iliyofuata Rebeka alikuja kwangu. Tumesoma sote darasa moja, na tangu utoto ana tabia ya kuzunguka jambo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Alizunguka sana siku hiyo. Hatimaye akasema.

Alfajiri ya mkesha wa Krismasi daktari alikuwa amemwita pembeni na kumwambia awaite ndugu. Rebeka aliwaza jambo moja tu: baba yake ana ukoo mkubwa, utashuka wote kutoka Iwawa hadi Makambako sikukuu hiyo hiyo, na vyombo vitakuwa kwenye karamu. Akampigia simu Mama Shedrack. Akamwomba aweke masufuria tayari, na akamwomba asimwambie mtu, hasa mama. Mzee alikuwa bado anapumua. Uji wa simu za jioni aliutunga ili mama asishtuke; ni usiku wa karamu ndipo dawa ilipobadilishwa, na mzee akafumbua macho akaomba uji kweli.

Nilimuuliza kwa nini asiseme sasa, maana umoja ulikuwa umeitisha kikao na kila mtu alijua kwamba Mama Shedrack atanyang'anywa ufunguo.

"Nitamwambiaje mama?" alisema. "Nimwambie kwamba nilishaanza kuandaa matanga, na baba yuko kitandani anapumua? Atasema nilimchimbia baba yangu kaburi. Na watu watasema hivyo hivyo. Wewe ungesema nini?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba amemtwisha mjane mzigo wake mwenyewe na kumwacha nao njiani. Hakubisha. Lakini alipoondoka niliona kwamba sikuwa nimejibu swali lake, na nilipojaribu kulijibu peke yangu, kila jibu lilimuumiza mtu ambaye hakukosa.

Kikao kilikuwa Jumapili ya kwanza ya Januari, baada ya ibada, uani kwa Mama Shedrack mwenyewe. Mzee Efraimu alikuja ingawa si mwanachama, akimfuata mkewe, ili awashukuru wote waliomwombea. Rebeka alisimama karibu na ukuta. Brightness alizungumza kwa heshima, nakiri hivyo. Alisema hakuna anayesahau kazi ya Mama Shedrack, lakini mali ya wengi haifungiwi bila sababu, na kwamba ikitajwa hata sababu moja, kikao kitafungwa kwa chai.

"Sina la kusema, mwenyekiti," alijibu Mama Shedrack.

Nikanyoosha mkono nikapendekeza ufunguo ubaki kwake. Brightness akaniuliza kwa misingi gani. Nikafungua kinywa. Mbele yangu alikaa Mama Tabea, mkono wake ukiwa umeshika mkono wa koti la mumewe, kama walivyoshikana tangu aliporudi. Nikasema kwamba ninamwamini. Brightness akaniambia kwa upole kwamba kumwamini mtu si sababu, na mimi ndiye ningemwambia mwanafunzi wangu maneno hayo hayo.

Mzee Efraimu alitaka kupunguza ukali wa hewa. "Lakini wewe jirani," alisema, akimwelekezea fimbo, "na mimi ningekufa hospitalini kule, ungeninyima masufuria?"

Watu walicheka. Rebeka aligeukia ukuta.

"Wewe, baba, nisingekunyima," alisema Mama Shedrack. "Ungeyakuta yameshasuguliwa."

Wakacheka tena, yeye pekee hakucheka. Akatoa ufunguo kwenye pindo la kitenge, akamkabidhi Brightness.

Ilibidi stoo ifunguliwe ili vyombo vikaguliwe mbele ya wote. Brightness alisukuma mlango. Masufuria yalikuwa yamesuguliwa kwa majivu na mchanga mpaka yanang'aa kama siku yaliyonunuliwa, yamepangwa yamefunikwa. Pembeni yake kulikuwa na kuni za miwati zilizopasuliwa, zimepandana hadi darini, na magunia mawili ya viazi ambayo hakuna karamu iliyokuwa imeyaomba. Minong'ono ilianza. Mbona aliandaa? Aliandaa nini? Mtu anayekataa kupika, kuni za nini?

Mama Tabea alikuwa amejikokota hadi mlangoni kama wengine. Alizitazama zile kuni kwa muda mrefu. Kisha akamtazama binti yake ukutani, halafu Mama Shedrack, ambaye alikuwa anatazama miguu yake mwenyewe. Sikuona machozi, sikuona hasira. Aliona nini hasa, sijui. Naweza tu kusema alichofanya. Alinyoosha mkono akauchukua ufunguo kutoka kiganjani mwa Brightness, akaurudisha katika kiganja cha Mama Shedrack, akakikunja kiganja hicho kwa mikono yake miwili.

"Akae nao," alisema.

"Kwa sababu gani, mama?" aliuliza Brightness, safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

"Akae nao."

Hakuna aliyempinga. Hata leo sielewi kwa nini mimi niliulizwa misingi na yeye hakuombwa tena chochote. Kikao kiliisha bila kufungwa, watu wakitazamana, chai haikunywewa.

Mzee Efraimu ndiye aliyekuwa amechanganyikiwa kuliko wote. Aliwafuata wanawake kwa macho, akamwuliza mkewe kuna nini, kuni zile zina nini, mbona Rebeka analia. Mama Tabea alimfunga kifungo cha juu cha koti.

"Twende nyumbani," alimwambia. "Kuna baridi."

Wakatoka polepole, mzee bado anauliza.