Alama ya Chaki Iliyofutwa

Fundi Sikio alikuwa na sharti moja: akishaseti taimingi ya gari kuukuu, plagi zikatoa cheche kwa wakati wake, alifuta alama ya chaki aliyoichora kwenye distributa, kifaa kinachogawia plagi umeme, ili fundi mwingine asione pa kuanzia. Hakumfundisha mtu. Magari yote makuukuu ya mtaa yakawa yake, naye akawa mfungwa wa magari hayo.

Dada yake alipokuja karakana alimkuta ameinama chini ya boneti, akizungusha distributa taratibu huku akisikiliza injini.

"Kaka, mama anakuulizia. Daktari amesema tusichelewe."

"Nimalize hili la mwalimu. Na lile la mkunga haliwaki kabisa."

"Mwachie mwenzako."

"Hawezi. Hajui taimingi inapokaa."

"Na aliyemficha ni nani?"

Fundi Sikio aliinama tena chini ya boneti. Dada alimtazama fundi wa jirani, aliyekaa bure na spana mkononi, kisha akaondoka peke yake.

Gari la mwalimu liliwaka vizuri. La mkunga lilimla siku mbili, na jingine likaletwa likivutwa kwa kamba. Alipofika nyumbani, mama alikuwa amezikwa jana yake.