Nilipopanda Ndege Mbele ya Baba Mkwe

Siku moja ya masika naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyoolewa. Ilikuwa miaka ya hamsini, uhuru bado, nami ni mwali hapa Mbeya, mimba yangu ya kwanza imefika siku zake. Uchungu ulinishika usiku kucha. Asubuhi mkunga akasema mtoto amekaa vibaya, anatakiwa daktari wa kupasua. Wetu alikuwa likizo. Aliyekuwepo yuko Iringa, na barabara pale Nyololo ilikuwa tope tupu, malori yamelala.

Baba mkwe wangu alikuwa nyapara kwenye shamba la pareto la mzungu mzee tuliyemwita Bwana Mawingu. Huyo alirusha ndege kubwa za abiria mpaka kampuni ikamwambia umri umefika, akastaafishwa, akaja kwetu kulima. Ndege ikipita, aliacha maneno nusu mdomoni, akaitazama mpaka ipotee. Watu walimcheka, nami nilicheka. Tulisahau kwamba ng'ombe hazeeki maini.

Baba mkwe alipomkimbilia kumweleza habari yangu, mzungu yule alikwenda moja kwa moja kuazima kindege cha jirani yake. Jirani akamwonya kwamba ni mzee na mvua iko karibu. Akajibu, "Mawingu nayajua kuliko pareto."

Nikabebwa kwa machela hadi uwanjani. Sasa sikiliza vizuri, maana hapo ndipo ujinga ulipotaka kuniua. Kwetu Wanyakyusa, mke wa mtoto haonani na baba mkwe. Nikisikia kikohozi chake njiani, nilikuwa naingia kichakani. Na kindege kile kilikuwa cha kizamani, injini haiwaki mpaka mtu asimame mbele azungushe pangaboi kwa mikono. Wabeba machela waliogopa kukatwa vidole. Aliyekubali kufundishwa asubuhi ile ni baba mkwe peke yake. Basi alikuwa amesimama pale mbele, uso umenielekea.

Nikajifunika khanga gubigubi, nikakataa kupanda. Mama mkwe akaniinamia, "Mwali, mficha uchi hazai." Nikatikisa kichwa. Wingu lilikuwa limeshafunika mlima Loleza, linashuka mjini.

Bwana Mawingu akateremka, akapiga goti kando yangu.

"Mama, mimi waliniambia basi, kaa chini. Nikakaa. Leo nimesimama. Wewe unangoja ruhusa ya nani?"

Ndipo nikasikia sauti ambayo haikuwahi kunisemesha tangu niolewe.

"Panda, mwanangu," alisema baba mkwe. "Ukifa, nitaheshimiwa na nani?"

Nililia, mwanangu. Nikapanda nikilia. Pangaboi lilikataa mara ya kwanza, mara ya pili likanguruma, tukaruka. Mimi nilikuwa kwenye maumivu yasiyosimulika, na mzee yule anaimba. Alikwepa wingu hili, akazunguka lile, kama mama anayepita katikati ya soko na mtungi kichwani. Tulitua Iringa salama, na jioni ile nikawa mama wa binti. Bwana Mawingu alipokuja kumwona alicheka tu huku machozi yanamtoka. Tangu hapo wagonjwa wa milimani wakajua pa kwenda, naye akaruka miaka mingi, pareto yake ikamezwa na magugu.

Niliporudi Mbeya, baba mkwe na mimi tuliendelea kukwepana kama kawaida. Nilimheshimu zaidi ya mwanzo, na nilimpenda.

Basi mwanangu, shika mila za kwenu, ila ujue wazee walioziweka walitaka tuishi. Aibu isikuzuie kwenda penye uzima wako. Na watu wakikuambia zamu yako imekwisha, nawe mkono wako bado unaijua kazi, usikae kungojea kaburi. Ukiitwa, inuka uende, hata wakikucheka. Mimi nimezaa saba kwa sababu mzee mmoja hakukubali kumaliziwa safari, na mwingine alifungua kinywa kilichokatazwa kunena.

Mungu akupe umri mrefu na kazi ya kuufurahia. Na siku utakayojifunika uso uone bora kufa, akuletee mtu wa kukuita mwanangu, nawe umsikie.