Mtani Alisema Atamfungia Mwanne Google

Mtu alisimama mbele ya umati, akamwambia Mwanne kwamba atamuua kwa njaa na kuichukua nyumba ya baba yake.

Mwanne alicheka mpaka akashika mbavu.

Na sisi wote tulicheka. Mimi nilikuwa nimekaa karibu na masufuria ya pilau, nikacheka kuliko wote. Kwa hiyo usinisome hapa huku unajiona una akili kuliko sisi watu wa mtaa wa Mtendeni. Ungekuwepo, ungecheka.

Aliyesema hayo anaitwa Uwesu. Mzaramo wa Kisarawe, alikuja Tabora kikazi, akaoa, akaganda. Kazi yake ni kutengeneza tovuti.

Mwanne ni Mnyamwezi. Na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu wa huyu akipita kwa babu wa yule na mzigo begani kuelekea pwani. Mtani anakutukana, anabeba kitu chako, anakuja msibani kwako kufanya vituko. Wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye kosa ni wewe.

Siku hiyo Mwanne alikuwa anafungua gesti. Nyumba ya marehemu baba yake, mzee Ngassa, alikuwa ameipaka chokaa, akaweka vitanda na vyandarua, akaiita Kambi ya Wapagazi. Wageni aliowalenga ni wale wanaofuata njia ya zamani ya misafara kwenda Ujiji, wengine kwa baiskeli, wengine kwa miguu kama hawana akili. Hao hawamjui mtu Tabora. Wanatafuta pa kulala kwenye Google.

Ndiyo maana Uwesu alipewa nafasi ya kuongea.

"Huyu mpagazi mnayemwona hapa," akasema, "babu yake alibeba mizigo ya babu yangu mpaka akaota nundu. Sasa leo mimi ndiye nimeshika funguo za tovuti yake. Siku nikiamka vibaya namfungia Google! Wageni wote wapotelee porini, afe njaa, nije nichukue nyumba na kitanda!"

Watu hoi.

"We Mzaramo," Mwanne akajibu huku anafuta machozi ya kicheko, "kwenu mnang'oa mabati ya nyumba mkauze, mkamchezee mwali ngoma. Nyumba yangu utaifanyia nini?"

Pembeni alikaa Lugembe, kaka yake Mwanne. Yeye hakucheka sana. Lugembe ni mtu wa heshima zake, anaongea chini chini, hana utani na mtu.

Nyumba ilikuwa ya wote wawili. Lugembe alitaka iuzwe tangu matanga ya baba yao hayajaisha. Mwanne akalia, wazee wa ukoo wakakaa, wakaamua hivi: Mwanne apewe nyumba aifanyie gesti, lakini ukipita msimu wa kiangazi mzima bila wageni, inauzwa. Mwanne akakubali. Alizaliwa kwenye chumba cha nyuma cha nyumba ile, na hakuwa na pengine pa kuita kwake.

Mwaka wa kwanza mambo yalikuwa moto. Ukiandika tu gesti Tabora, Kambi ya Wapagazi inatokea juu. Wageni wanapiga simu mpaka Mwanne anawapeleka kwa majirani.

Mwaka wa pili, mwezi wa tano, Mwanne alikwenda Bukene kumsaidia mama yake mdogo kuvuna karanga. Gesti akamwachia kaka yake. Aliporudi alikuta kila kitu kisafi, mashuka yamepigwa pasi.

Mwezi wa sita ukaingia. Simu kimya.

Wa saba, kimya.

Mwanne akawa anaifungua tovuti kwenye simu yake kila asubuhi, anaandika anwani mwenyewe, inafunguka. Picha zipo, namba ya simu ipo. Sasa wageni wamekwenda wapi? Akaanza kuwaza kwamba amerogwa. Akapunguza bei, haikusaidia kitu.

Kila Ijumaa Lugembe alipita na kifuko cha mchele.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba mdogo wangu. Wageni wapo?"

"Hakuna, kaka."

"Mungu atafungua," anasema kwa upole, anaweka mchele, anaondoka.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane, Mwanne akaenda kwa Jeska. Huyu ni dada mmoja mwenye meza yake ndani ya steshenari, anatengeneza tovuti zilizoharibika. Ana mdomo mchafu na anajua kazi.

Jeska akafungua ile tovuti, akaguna.

"Dada, hizi picha ni nzito kama magunia. Mtu anapika uji, unaiva, ukurasa bado haujafunguka. Hiki kitufe cha vyumba ukikibonyeza hakuna kitu, ukurasa ulishahamishwa. Halafu tovuti yako ina anwani mbili, Google anadhani ni watu wawili wamekopiana."

"Kwa hiyo ndiyo maana wageni hawaji?"

"Hapana. Haya yote ni mafua. Mafua hayajaua mtu. Ngoja nitafute kinachoua."

Akamuuliza Google, kwa namna yao mafundi, ana kurasa ngapi za Kambi ya Wapagazi. Jibu likaja: hana hata moja.

Jeska akaingia kwenye yale maandishi ya ndani ambayo mimi na wewe hatuyaoni. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Huu hapa. Google ana roboti wake, anapita kwenye kila tovuti anasoma. Akifika kwako anakuta huu mstari unamwambia asikuorodheshe. Anageuka. Wewe ukiandika anwani mwenyewe unaiona, ndiyo maana hujastuka. Lakini mtu anayetafuta tu, kwake wewe hupo duniani."

"Umejiandika wenyewe?"

"Haujiandiki. Kwenye setingi kuna kijisanduku kidogo. Ukikitia tiki, mstari unatokea. Mafundi tunakitumia wakati wa ujenzi, tukimaliza tunatoa. Sasa yako mwaka jana ilikuwa inaonekana. Kuna mkono wa mtu hapa, dada. Nani ana paswedi?"



"Uwesu," Mwanne akasema. "Uwesu peke yake."

Namfungia Google. Afe njaa. Nije nichukue nyumba.

Alikuwa amesema mbele ya watu. Alikuwa amesema, na yeye amecheka!

Mwanne akampigia pale pale. Simu ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena, na kesho yake, na keshokutwa. Baadaye ukaja ujumbe: "Mtani nipo hospitali na mama, nitakupigia."

"Muongo mkubwa," Mwanne akasema. Hakwenda hata kuangalia, na kutoka kwake mpaka hospitali ya Kitete ni mwendo wa kutembea tu.

"Na ujue hata tukiitoa hiyo tiki leo," Jeska akamwambia, "Google harudi kesho. Anarudi akijisikia. Wiki, mwezi, inategemea."

Kiangazi kilikuwa kinaisha. Lugembe alikuwa ameshapata mnunuzi, akamweleza dada yake kwa ile sauti yake ya upole, na mchele juu.

Ndipo zikaja habari kwamba Bi Anifa, mama yake Uwesu, amefariki. Alikuwa amelazwa wodini muda wote huo.

Hapo mwenzangu ungesema Mwanne angerudi nyuma. Wapi! Hasira ilikuwa imeshampanda kichwani. Akajifunga khanga kiunoni, akaenda msibani kama mtani.

Na alianza vizuri. Aliingia anapiga vigelegele, akabeba sufuria la uji la wafiwa akakimbia nalo, akamwambia marehemu aamke alipe karanga za watu. Watu waliokuwa wanalia wakacheka, na ndiyo kazi ya mtani hiyo. Hata Uwesu alitabasamu, macho yamevimba.

Wakati wa kutoa jeneza ukafika. Wanaume wakalibeba begani. Uwesu mbele, na nyuma yake, kwa heshima ya ujirani, Lugembe.

Mwanne akajilaza kizingitini, chali, mikono ameitanua.

"Maiti haitoki."

Kicheko. Watu wakaanza kumrushia noti na sarafu, maana mtani akiziba njia anapewa chochote, anapisha. Zikamwangukia tumboni. Hakuzigusa.

"Sitaki hela. Nataka funguo zangu."

"Mtani," Uwesu akasema, "nipishe nimzike mama. Jioni nakupa chochote unachotaka."

"Ulisema mbele za watu utanifungia. Na mimi nakufungia mbele za watu. Paswedi, Mzaramo! La sivyo mama yako atanuka humu ndani."

Kicheko kikakata.

Nilimwangalia shehe, shehe akaangalia chini. Wazee vile vile. Nani angemwondoa? Mtani hakamatwi, mtani hafukuzwi. Ilikuwa mchana, jua kali, na lile jeneza ikabidi walishushe chini, kwenye mkeka, pale pale mlangoni.

Uwesu akakaa sakafuni kando ya mama yake. Akatoa simu. Akawa anakosea, anafuta, anaanza upya. Mwanne akampigia Jeska, akaweka sauti ya nje.

"Isome," akaamuru. "Kwa sauti."

Uwesu akaisoma, herufi moja moja, msiba mzima unasikia. Zilipokwisha tukawa tumeshaelewa neno lenyewe. Paswedi ilikuwa *mtaniwangumwanne*.

Hata hapo Mwanne hakunyanyuka. Alisubiri.

"Nimeingia," sauti ya Jeska ikasikika. "Tiki ipo kweli. Naitoa... nimetoa." Akaendelea kusoma. "Dada Mwanne, mbona humu wana funguo watu wawili? Mtambo umeandika. Aliyebadilisha setingi za mwisho, mwezi wa tano, siyo Uwesu. Anaitwa Lugembe."

Mwanne akageuza shingo akiwa bado chini.

"Mtani," Uwesu akasema taratibu, "ulipokuwa Bukene kaka yako alikuja kwangu. Akasema umemtuma abadilishe namba ya simu. Nikamfungulia mlango wake kwenye tovuti, nikampa paswedi yake. Angekuwa mtu mwingine ningekupigia nikuulize. Kaka yako!"

Ilikuwa kweli. Mwanne alimtuma mwenyewe. Alikuwa shambani, mikono ina udongo, akampigia kaka yake amsaidie jambo dogo, akasahau kabisa.

Wote tukamwangalia Lugembe. Jasho hata halikumtoka. Alikuwa ameshainama anashika mkono wa jeneza.

"Tumzike kwanza mama wa watu," akasema kwa upole.

Mwanne akanyanyuka, noti zikamdondoka. Wanaume wakapita na maiti yao. Akabaki pale mlangoni kashika fremu, na hakuna mwanamke aliyemsogelea. Nami sikumsogelea.

Baadaye alimkabili kaka yake, na jamaa hakukana hata kidogo.

"Nilikuonea huruma. Ungezeeka unafua mashuka ya wageni. Mimi nilikuuliza kila Ijumaa kama wageni wapo. Ungeniomba nikusaidie, ningekusaidia."

Mwanne akapeleka kesi kwa wazee wa ukoo. Wakasikiliza habari ya kijisanduku na tiki, wakaulizana tiki ndiyo nini, wakauliza kama kuna mtu alivunja mlango wa nyumba. Hakuna. Kama kuna mgeni alifukuzwa. Hakuna. Basi makubaliano ni makubaliano. Nyumba ikauzwa. Mnunuzi ameigeuza stoo ya mbolea, na chumba kile cha nyuma alichozaliwa Mwanne kimejaa viroba mpaka dirishani.

Halafu Google akarudi.

Ilikuwa wiki chache tu baada ya kukabidhi funguo. Simu ya Mwanne ikaita, mgeni anauliza: "Kambi ya Wapagazi? Nimewaona kwenye Google, mnaonekana wa kwanza. Mna nafasi?"

Siku hizi Mwanne amepanga chumba, anapika maandazi. Simu bado zinaita, maana hajataka ile tovuti izimwe. Nimewahi kumsikia akijibu, mikono ina unga: "Tumejaa, jamani. Karibuni tena." Anakata, anaendelea kukanda.

Lakini hicho sicho kinachomuua.

Alikwenda kwa Uwesu kumwomba radhi. Uwesu akamkaribisha kiti, akamletea maji, akamwambia hakuna tatizo, utani hauna kesi. Alimsikiliza mpaka mwisho. Mwanne akatoka anashukuru Mungu.

Wiki iliyofuata wakakutana sokoni. Mwanne akamwona kwa mbali, akamrukia kwa sauti kama zamani: "We Mzaramo, mwizi wa mabati, leo umeiba nini?"

Watu wakageuka, wanasubiri jibu, tayari wanatabasamu.

Uwesu akasimama. Akakunja mikono yake vizuri mbele.

"Habari za asubuhi, dada Mwanne. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo," Mwanne akasema.

"Haya. Siku njema."

Mpaka leo anamsalimia hivyo hivyo, kwa adabu zote.

Ndugu msomaji, nina neno moja tu. Anayekutishia huku anacheka na watu wote wanasikia, huyo ana mashahidi, hana pa kujificha. Mwangalie vizuri yule anayekuletea mchele kila Ijumaa na kukuuliza, kwa sauti ya chini, kama mambo yako bado ni mabaya. Na paswedi zako, ndugu, kagua leo nani anazo.