Maziwa Yaliyochomwa Bila Moto

Saa moja asubuhi, Mama Vidumu anagusa bomba la mashine kwa kiganja, kisha kwa mgongo wa mkono, kama mtu anayepima homa ya mtoto. Ni baridi. Maziwa yanayotiririka katika kidumu chake cha njano nayo ni baridi.

“Fundi, una hakika umeiwasha?”

“Mama, taa ile pale inawaka.”

Nyuma ya kioo kidogo, utando mwembamba wa maziwa unateleza mbele ya taa ya zambarau. Fundi wa kituo hiki cha kukusanyia maziwa anaeleza kwamba mionzi ya taa hiyo huua vijidudu vya maradhi bila kuyapasha maziwa moto. Mama Vidumu anaitikia kwa kichwa. Akifika mlangoni anageuka, anafungua kinywa, anakifunga.

“Nikiwa pale ninaelewa,” anasema, akifunga vidumu kwenye baiskeli. “Nikitoka nje tu, akili inabaki ndani.”

Mjane huyu, ambaye mtaa ulimpa jina kwa vidumu vyake, alianza kuuza maziwa mwanawe wa mwisho akiwa mgongoni. Leo mwana huyo ana mke, na mtoto anayetambaa.

Mkosi wake ulianza kwa neno. Mashine ilipowasili, alitaka kuwapa wateja habari njema. Mionzi aliijua kwa jina tu, kutoka hospitali, ambako watu husema mgonjwa “amechomwa mionzi”. Basi akapaza sauti mtaani: “Maziwa salama! Yamechomwa mionzi!”

Dirisha moja likafungwa. Jirani akanusa kidumu, akauliza mbona hayanuki kuungua. Wifi yake, mshonaji ambaye mdomo wake hauna kifuniko, akatoka kibarazani na futi shingoni.

“Wifi, mama alichomwa mionzi, nikamuuguza mimi. Nywele zote zilipukutika. Leo unatutilia kwenye chai?”

“Si ile, wifi.”

“Ni ipi?”

“Hii… ni ya taa.”

“Basi tukinywa tutawaka, tuokoe umeme!”

Mtaa mzima ulicheka. Katika lita arobaini, zaidi ya nusu zilirudi nyumbani.

Huko nako swali lilikuwa linamngoja. Mkwe wake alishika sufuria, akauliza, “Mama, ya mtoto niyachemshe, au yameshakuwa salama?”

“Chemsha.” Neno lilimtoka kabla hajafikiri.

“Nikajiuliza,” anasimulia, “nawauzia watu kitu gani, ikiwa cha mjukuu wangu sikiamini?”

Hilo ndilo lililomkwamia mlangoni asubuhi hii. Anaiegemeza baiskeli ukutani, anarudi na kidumu kitupu mkononi, na safari hii analitamka.

Fundi hacheki. Anachungulia kidumu. “Humu mkono wako unafika?”

“Haufiki. Natia maji na mchanga, natikisa.”

“Taa inamaliza kazi yake hapa, mama. Humu vijidudu vingine vinaweza kuwa vinayasubiri. Ya mtoto, endelea kuchemsha.”

“Sasa taa ni ya nini?”

“Ili uyapokee yakiwa safi. Kuanzia hapo ni wewe.”

Anaondoka akiwa na nusu ya jibu. Kibarazani, wifi anamngoja.

“Leo yamechomwa au yamebanikwa?”

“Yamepita kwenye taa. Taa isiyo na moto inauaje vijidudu, sijaelewa. Kwangu bado nachemsha.”

“Hata ya mjukuu?”

“Ya mjukuu kwanza.”

Wifi anaingia ndani, anatoka na sufuria. “Nipimie nusu lita. Nikiota nywele za zambarau, nahamia kwako.”

Mama Vidumu anakusudia kuviacha vidumu hivyo, kimoja kimoja, achukue makopo ya bati yenye mdomo mpana ambamo mkono utafika hadi chini. Jina jipya, anasema, mtaa utamtafutia wenyewe.

Kabla ya hapo, amemwomba fundi ruhusa ya kumleta mgeni achungulie kwenye kioo.

“Nitamleta wifi,” anasema. “Yule ana maswali mpaka mashine itachoka. Akielewa yeye, atanieleza na mimi.”