Choo cha Asilimia Tisini

Mume wangu ni karani wa bohari, na kazini wanamwita Asilimia. Yeye haoni kama ni utani. Hulitaja jina hilo huku kavimbisha kifua. Kwenye kompyuta yake ana faili moja la maandishi matupu, halina rangi wala picha, na humo ameorodhesha maisha yetu yote. Kila kazi ina kisanduku mbele yake. Ukiimaliza unatia alama ya vema, na pale juu programu inakuonyesha yenyewe umefika wapi: kazi tatu kati ya tano, asilimia sitini. Namba ikipanda, mume wangu hutabasamu peke yake. Mimi sijatabasamiwa hivyo tangu harusi.

Mama mkwe alihamia kwetu magoti yalipomgomea. Chumba tulimpa, lakini choo kiko ng'ambo ya ua, na katikati ni ngazi na matope. Mwanawe akaapa kumjengea cha kwake, ubavuni mwa chumba.

"Mama, hilo niachie mimi," akasema, akakimbilia kompyuta.

Akaandika kazi kumi. Kupima nafasi. Kumpigia fundi simu. Kumpigia tena. Kuchagua rangi ya mlango. Kununua kufuli, na kweli alilinunua, kufuli zuri la kufungia choo ambacho hakipo. Alitia vema mpaka nikakionea huruma kidole chake. Kazi ya kumi ilikuwa neno moja tu: "Kujenga."

"Imebaki moja, Mama," alimwambia kila jioni. "Tuko asilimia tisini. Haba na haba hujaza kibaba."

"Kibaba chenyewe kimetoboka, Baba Watoto," nikamjibu siku moja. Akajitia hamnazo.

Jumapili, alipokuwa anaoga, nikaketi mbele ya kompyuta yake. Sikumfutia vema hata moja, nisije nikasingiziwa. Nililifumua tu lile neno la mwisho. Kuchimba shimo. Kuleta matofali. Kuleta saruji. Kusimamisha ukuta. Kulaza bomba. Kuezeka. Nikaendelea hivyo hivyo, choo kama watu wanavyokijua. Kila mstari niliouongeza uliishusha ile namba ya juu, na nilipoinuka ilikuwa chini ya arobaini.

Alitoka bafuni na taulo kiunoni, akaona, akaja juu kama moto wa kifuu.

"Nani kaniharibia maendeleo yangu?"

"Mimi. Nimeongeza choo."

"Tulikuwa tunakaribia kumaliza!"

Akaibeba kompyuta na taulo lake hivyo hivyo hadi chumbani kwa mama yake, amwamulie. Nikamfuata nyuma, maneno ya kumshinda nimeyapanga mdomoni.

"Mama, tazama. Jana tulikuwa tisini. Mkweo kanishusha mpaka hapa!"

Mama mkwe akavaa miwani, akaitazama ile namba kwa heshima zote.

"Mambo yenu haya siyajui, mwanangu," akasema. "Nikuulize tu. Ikifika huko mnakotaka ifike, nitaweza kunywa maji?"

"Kwani nani kakukataza maji, Mama?"

"Najikataza mwenyewe. Jua likianza kushuka sinywi kitu. Nikinywa, usiku itabidi nitoke, na hapo uani nimeshaanguka mara mbili. Sikutaka kuwasumbua."

Niliona aibu, tena aibu ya kutosha watu wawili. Mume wangu aliiweka kompyuta chini, akaketi kitandani kando ya mama yake, akalia bila kuficha uso. Kisha akaenda kuvaa, na muda si mrefu tukasikia sururu ikipiga nje ya dirisha.

Nilikwenda jikoni nikarudi na glasi ya maji.

"Kunywa, Mama," nikamwambia. "Usiku niamshe, nitakushika mkono."

Alinitazama kwanza, kama anayepima kama nasema kweli. Akayanywa yote bila kupumzika, akanirudishia glasi nimwongezee.