Mishipa Kumi na Mmoja

Pale maabara tulimwita Wembe, naye hakubisha. Nyama za wagonjwa zilizogandishwa ndani ya nta alizikata vipande vyembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umevipoteza. Nilikaa meza ya pili kutoka yake miaka tisa, vipande vyangu vikichanika, naye akinicheka: "Unakata mkate, shemeji?" Sikuwa shemeji yake. Alidai tu kwamba ataniozesha binamu yake, ambaye sijamwona mpaka leo.

Mwaka ule daktari wetu mkuu alikuwa akitafiti uvimbe wa taya, ule usio saratani lakini unaokula mfupa kimyakimya. Alitaka kujua jeni zipi zimeamka ndani yake, hasa ile inayozifanya seli zitoe protini ya kuita mishipa mipya ya damu. Wembe alipaka vipande dawa ya kuigeuza mishipa kuwa kahawia, kisha akaihesabu kwa darubini; ikiwa mingi, tulidhani, uvimbe ni mkali. Sheria ilikuwa moja: tafuta kwanza mahali ilipobanana kuliko kwingine kote, uhesabu hapo. Na daktari hakuchoka kutukumbusha kwamba hesabu hizo ni za utafiti, si za kumshauri mgonjwa.

Kisha taya la mdogo wake Wembe likavimba. Alikuwa mnadi wa mitumba, mtu mwenye maneno mengi, na Wembe ndiye aliyemlea tangu mama yao afariki. Daktari wa upasuaji alichukua kinyama cha uvimbe, kikaletwa kwetu, kisha akampa njia mbili: kukata kipande cha taya, njia ambayo yeye daktari aliipendelea, au kuukwangua uvimbe na kuuacha mfupa, akijua uvimbe unaweza kurudi. Mnadi bila taya atanadi nini? Akampigia Wembe simu.

"Dada, wewe ndiye unayeviona vitu hivi. Niambie nifanye nini."

Vioo tunavyowekea vipande hubandikwa namba tu, bila majina. Wembe alifungua daftari akaitafuta namba ya mdogo wake. Nilimwona nikanyamaza, na hilo linaniuma hadi leo. Aliinama kwenye darubini dakika chache mno.

"Kumi na mmoja!" akaniambia, macho yakimng'aa. "Mishipa kumi na mmoja tu. Huu umetulia, shemeji."

Akamwambia mdogo wake akwanguliwe.

Miaka mitatu kijana alinadi mashati na makoti, akaoa, akanenepa. Kisha uvimbe ukarudi, ukapanda hadi karibu na sikio. Safari hii hakuulizwa anataka nini. Aliamka hana nusu ya taya la chini.

Siku ya pili baada ya upasuaji Wembe alikitoa kile kioo cha zamani, akaniita. Pembeni mwa kipande mishipa ilikuwa imebanana, kahawia tupu. Tulihesabu wote wawili, tukapata arobaini na mitatu. Ile mara ya kwanza aliangukia mahali palipotulia, akabaki hapo hapo, asitafute zaidi. Mikono ile haikuwa ya kubahatisha. Alimpenda mdogo wake, na alitaka kuona kidogo, akaona kidogo. Nilimkasirikia, nikamhurumia, nikaenda naye wodini.

Mdogo wake alikuwa amefungwa bandeji hadi puani, ana kalamu na daftari kifuani. Wembe alisimama kando ya kitanda akamwambia yote, bila kujitetea hata kwa neno moja.

Kijana akaandika: Ungehesabu vizuri ungeniambia nini?

"Ukubali kukatwa."

Akaandika tena: Wangekata kiasi gani?

Wembe aliinua vidole viwili, akavibana pamoja, akamwonyesha upana wake.

Mdogo wake aliviangalia vidole vile muda mrefu. Kisha akaushusha mkono wa dada yake taratibu, akageukia ukutani.