Mtu Aliyepiga Hodi Saa Nane Mchana

Cheka sasa hivi, tumalizane. Hapa Rosettenville watu wananiambia "pole, kaka" kwa heshima, wakifika kona wanashikana mabega kwa kicheko. Nimezoea. Lakini ukimaliza kucheka nisikilize mpaka mwisho, maana haya hayakumpata rafiki wa rafiki yangu. Yalinipata mimi, nikiwa macho, tumbo limeshiba, na jua liko utosini.

Mimi ni mtu wa Lushoto. Nilipomaliza kidato cha nne nilianza kutembea, na mpaka leo, miaka arobaini na minne, sijui kukaa. Dar, Lusaka, Harare, kisha Johannesburg. Hapa nilikwama kwa sababu moja tu: nilikutana na Furaha. Furaha ni Mkongo wa Uvira, msusi mwenye saluni ya viti vitatu. Tuna binti, Neema, ambaye anasikia Kiswahili chetu vizuri sana na anatujibu kwa Kizulu.

Wivu nilikuwa nao tangu mwanzo. Sitamsingizia kila kitu yule marehemu utakayemsikia mbele. Furaha aliimba kwaya katika kanisa la Wakenya huko Randburg, na kila Jumapili Mkenya mmoja wa benki, anaitwa Kimani, alimrudisha nyumbani kwa gari lake jeupe. Kimani alikuwa na mkewe, tena mama huyo alikaa siti ya mbele siku zote. Lakini mwenye wivu haoni siti ya mbele. Mimi nilisimama dirishani nikitazama mlango wa nyuma unavyofunguka. Furaha akipanda ngazi ananiuliza, "Papa Neema, uko na wivu ya mutu ao ya motokari?" Nacheka. Siku hizo nilikuwa bado naweza kucheka.

Kazi yangu ilikuwa kumhudumia bibi mmoja wa Kitaliano, Mama Rina, nyumbani kwake Observatory. Nilimpikia, nilimpeleka hospitali, nilisukuma kiti chake cha magurudumu. Alikuja Afrika Kusini akiwa mtoto wa miaka tisa na hakuwahi kurudi kwao. Mwaka juzi akaniambia, "Nataka kuuona mji wangu kabla sijafa. Na wewe ndiye utakayenisukuma, kijana. Kule ni vilima vitupu, na mpwa wangu ana mgongo wa karani." Ndugu zake wakashughulikia viza, tukapanda ndege.

Sijui nikueleze vipi mji ule. Uko juu kabisa ya kilima, umezungushiwa ukuta wa mawe wa zamani za mikuki na farasi. Vichochoro ni vyembamba hata kiti cha Mama Rina kilikwaruza ukuta huku na huku. Asubuhi ya kwanza ukungu ulipanda kutoka bondeni, mtu akawasha kuni mahali fulani, na harufu ikanifikia. Ilikuwa Lushoto ile. Nilijificha nyuma ya kiti nikalia kama mtoto. Mama Rina akasema bila kugeuka, "Lia taratibu, unanitikisa."

Tulifikia katika nyumba ya baba yake, iliyokuwa imefungwa miaka mingi. Binamu yake alikuwa ameifagia na kutuwekea vitanda. Mama Rina alilala chumba cha juu, nikimbeba ngazini, na mimi nilikaa chini, jikoni, penye dirisha dogo linalotazama kichochoro. Hapo dirishani ndipo simu yangu ilipopata mtandao.

Sasa, wenyeji wa kule wakishakula mchana wanafunga mbao za madirisha na kulala mpaka saa kumi. Mji mzima. Huoni mtu wala mbwa. Wewe unajua ukimya wa usiku, na nakuambia ule una vyura, una wadudu, una mlevi anayeimba. Ukimya wa saa nane mchana katika mji ule haukuwa na kitu ndani yake. Nilisikia saa yangu ya mkononi.

Ilikuwa Jumapili. Saa zao na saa za Johannesburg zilikuwa sawa, na kwa hesabu yangu Furaha alikuwa ameshatoka kanisani. Nikapiga simu. Haipatikani. Nikapiga tena. Haipatikani. Nikaandika ujumbe, haukufika. Baadaye nilijua umeme ulikatwa mtaa mzima na simu yake ilizima. Lakini wakati ule nilisimama pale dirishani nikiliona gari jeupe tu. Niliona hata vidole vya Kimani kwenye usukani.

Na hapo ndipo niliposikia mlangoni, karibu kabisa, sauti ya mwanamume:

"Hodi."

Niambie, wewe ungefanya nini? Ilikuwa siku ya tano sijasikia neno la Kiswahili kutoka kinywani mwa mtu aliye mbele yangu. Na sisi tumelelewa vipi? Mtu akisema hodi, mdomo unajibu kabla ya kichwa. Mama yangu alikuwa akijibu hata akiwa bafuni, hata akiwa anamchapa mtu. Sikujiuliza ni nani anayeweza kupiga hodi katika kile kilima cha Wazungu wazee. Nilijawa na furaha, nikaitikia kwa sauti kubwa:

"Karibu! Karibu sana! Pita ndani!"

Mlango ukafunguka. Akaingia Mzungu wa umri wangu, amevaa kaptula ya kaki na soksi ndefu. Viatu vyake vilijaa vumbi jekundu. Zingatia hilo: mji ule wote ni mawe meupe, hakuna udongo mwekundu hata wa kujaza kikombe. Alikwenda moja kwa moja kwenye kiti kilichokuwa dirishani, akakaa kama mtu aliyekijua.

"Jambo," akasema. "Wewe natoka wapi?"

Nikamwambia Tanzania, lakini naishi Johannesburg. Akatikisa kichwa. "Mimi nakaa Kenya miaka tano. Mfungwa ya Mwingereza. Natengeneza barabara." Kilikuwa kile Kiswahili cha walowezi, cha kuamrisha wapishi. Nikadhani ni mzee wa vita. Halafu nikajiuliza, vita gani, kwa umri gani? Lakini niamini, swali lile lilipita kichwani kama mtu anayepita barabarani. Halikusimama.

Akanitazama. "Bibi yako iko wapi sasa?"

"Kanisani."

"Kanisa nakwisha saa ngapi?"

Nikaitazama simu.

"Iko na nani?"

Sijui kwa nini sikumfukuza. Bali najua. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali ambalo mimi mwenyewe nilikuwa najiuliza. Nikaona ananielewa. Nilimsogezea hata maji.

Hakuyanywa. Akaanza kugonga kizingiti cha dirisha kwa kidole, polepole, na nikaona kwenye lile jiwe pana shimo, dogo kama la kijiko, hapo hapo kidole kilipotua.

"Kutoka kisima mpaka mlango hii," akasema, "bibi yangu natembea hatua mia moja kumi na mbili. Mimi nahesabu kila siku. Siku moja nasikia mia moja arobaini." Akaniinamia. Pumzi yake haikuwa na joto. "Hiyo ishirini na nane nakwenda wapi?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikawaza: ni kweli, zilikwenda wapi?

Juu ghorofani Mama Rina akaita. Niligeuza shingo kuitikia, si zaidi ya hapo. Niliporudisha macho kiti kilikuwa kitupu. Sakafuni kulikuwa na nyayo za vumbi jekundu kutoka mlangoni hadi kwenye kiti. Nilizitafuta za kutoka. Hazikuwepo.

Nilipanda ngazi, nikamweleza yote. Alisikiliza huku ameushika mkono wangu. Nilipofika kwenye neno hodi akaufinya mpaka kucha zikaingia.

"Baba yangu," akasema. "Waingereza walimfunga Kenya wakati wa vita kuu, akarudi na neno hilo. Alikuwa akitoka nje, anabadilisha sauti, anagonga mlango wake mwenyewe na kulisema, ili aone mama yangu atamkaribisha nani. Mama hakujua maana yake. Alikuwa akikaa kimya sakafuni, ananiziba mdomo. Jumapili moja tulikwenda kisimani hatukurudi. Tulikuja Johannesburg kwa mjomba. Yeye alifia kwenye kile kiti." Kisha akaniuliza, na sijawahi kumwona na uso ule, "Wewe ulimjibu?"

"Nilimjibu."

"Ulisema nini?"

"Nilimwambia karibu."

Alifumba macho. "Miaka yote hii hakuna aliyejua kumjibu."

Tuliondoka baada ya siku tatu. Furaha alikuja uwanja wa ndege na Neema, akanikumbatia, akasema nimekonda kama sambaza wa kukaushwa, dagaa wa kwao. Nilikuwa nimemletea kitambaa cha kichwani. Nilikuwa na furaha, nakuapia. Lakini tulipopanda ngazi za nyumbani niligundua kwamba kidole changu kinagonga begi. Kilikuwa kinahesabu.

Kutoka kwenye taa za barabarani pale kona, robot kama tunavyoziita huku, mpaka mlango wetu, Furaha anatembea hatua mia mbili na sita. Akibeba mzigo ni mia mbili kumi na moja. Ulijua kwamba mkeo ana idadi? Hukujua. Bora usijue. Mimi nilikaa dirishani kila jioni, na siku ikizidi hatua nne nilimhoji mpaka Neema akaziba masikio. Nilichukua simu yake. Nilinusa kitambaa nilichompa mwenyewe. Na kila alipojibu ukweli nilisikia pumzi baridi shingoni, na mtu anauliza kwa niaba yangu, "Iko na nani?"

Jumamosi moja nilikwenda Randburg kwenye mazoezi ya kwaya. Nilisukuma mlango, nikasimama katikati yao, nikapiga kelele. Mimi nilidhani naongea kama ninavyoongea siku zote. Lakini kwaya nzima iligeuka, na Kimani, mtu mpole yule, akasema, "Bro, tulia. Hicho Kiswahili cha walowezi umekitoa wapi?"

Hapo tu ndipo nilipolisikia neno la mwisho likiwa bado mdomoni mwangu. Nilikuwa nimesema, "Bibi yangu nakwenda wapi?"

Mkewe Kimani alikuwa ameketi ubavuni mwa Furaha, wameshika karatasi moja ya nyimbo. Furaha hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama mtu anayemtafuta mwingine nyuma yangu.

Wiki hiyo alimchukua Neema wakahamia kwa dada yake, Observatory. Aliniambia mlangoni, "Ulienda peke yako, Papa Neema. Ulirudia na mutu. Ukimutosha, akitoka kwako, uniite."

Sikumwita. Nilikaa kwenye kiti changu. Jioni nyingine husikia hodi, sauti ya kiume, na sijibu. Kuna haja gani ya kumkaribisha aliyekwisha ingia?

Kisha mwezi uliopita, Jumamosi, saa kumi na moja, nilizisikia hatua zake. Nisingezikosea hata katikati ya soko. Zilianza pale robot. Nikafumba macho. Mia moja. Mia mbili. Zikasimama nje ya mlango, na mke wangu, mwenye funguo za nyumba ile mfukoni, akapiga hodi kama mgeni.

"Hodi, Papa Neema. Nimekuja. Fungua tuongee."

Neno moja tu lilihitajika. Lile lile nililompa mtu nisiyemjua, bure, kwa sauti kubwa, pamoja na "sana" na "pita ndani". Nilifika mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye komeo. Nilifungua mdomo niseme karibu, na kilichotoka ni hiki:

"Mia mbili na tisa. Hiyo tatu nakwenda wapi?"

Kisha akasema taratibu, kwa huruma iliyonichoma kuliko tusi, "Samahani, baba. Nilikuwa natafuta bwana yangu." Akashuka. Nilisikiliza mpaka kwenye robot. Ndiyo, nilizihesabu pia.

Nilipotoka asubuhi nilikuta bomba limepasuka getini tangu jana yake, maji yametuama njia nzima. Pembeni, kwenye tope, kulikuwa na alama za viatu vyake. Alikuwa amezunguka maji.

Hatua tatu.

Mama Rina bado yupo, na bado namsukuma. Haulizi kitu, ila nikisimama karibu na dirisha lake ananiambia niondoke pale. Wewe nisikilize. Ukiwa mbali na kwenu, moyo una dukuduku na simu ya nyumbani haijapokelewa, ukasikia lugha yako mlangoni mahali isipostahili kuwa, ziba mdomo. Inuka, chungulia, tazama viatu. Na akiwa na vumbi la kwenu, mwache asimame huko nje mpaka jua lizame.